Mkohozi Anataka Safari Ndefu

Jumamosi, 2 Machi

Langu! Naandika tena nilione: langu. Liko nje chini ya dirisha, na nimeshatoka mara kadhaa kuhakikisha halijaondoka lenyewe.

Sedani ndogo ya dizeli, rangi ya sufuria iliyosuguliwa vizuri. Milango minne. Buti la heshima. Lilikuwa la daktari wa macho, bosi wangu pale kliniki – mimi nakaa mapokezi – naye anastaafu na kumfuata binti yake ng'ambo. Asubuhi alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anayeoza binti. Akanipa maagizo. Usiliwashe kwa papara. Geuza ufunguo nusu, itawaka taa ya njano yenye mchoro wa waya uliojikunja, ngoja izime, ndipo uwashe. Dizeli inataka kuamshwa kwa adabu, akasema. Hata mimi, Daktari. Hata mimi!

Lilinizimikia kwenye mzunguko. Nikaliwasha. Likazima tena. Walio nyuma wakapiga honi, nikawapungia mkono kama bibi harusi. Leseni ninayo tangu mwaka jana, sema sikuwa na cha kuendesha. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akishika usukani, mimi nikishika mkoba. Wewe tazama mandhari, alikuwa akiniambia, na kweli nilitazama, nimetazama mandhari mpaka nikayamaliza. Alipoondoka nikajiandikisha shule ya udereva, katikati ya vijana wanaotafuna bigijii. Mwalimu akaniita Mama Taratibu.

Nilipofika, Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Ni mama mkwe, lakini hilo la mkwe tulishalitupa zamani. Mwanawe katutoka, tumebaki sisi wawili katika nyumba hii, bila mtoto, bila hata paka. Akainamisha sikio kuisikiliza injini.

– Linaumwa?

– Haliumwi, Mama. Ni dizeli.

– Linakohoa.

– Ndivyo zinavyonguruma.

– Basi huyu ni Mkohozi.

Akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi. Akatoka amevaa viatu vya kutokea, mkoba begani, akafungua mlango wa mbele, akaketi.

– Tunakwenda wapi, Mama?

– Nitajuaje? Dereva si wewe?

Tumekwenda mpaka kwenye kiwanda cha matofali na kurudi. Hakuna aliyekuwa na shida na matofali.

Jumapili, 3 Machi

Nimeliosha. Halikuwa chafu.

Jirani, mwalimu wa muziki, kachungulia juu ya ukuta akauliza kama nimenunua trekta. Nikamwambia ndiyo, na kesho nalima bustani yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia. Sijui nina nini siku hizi. Nacheka hata na ndoo.

Jumanne, 5 Machi

Kwenye kituo cha mafuta nilitoka kabla gari halijasimama sawasawa.

– Dizeli! Dizeli, jamani, si petroli! Dizeli!

Mhudumu akaniambia taratibu kwamba amesikia, na hata wale wa ng'ambo ya barabara wamesikia. Lakini Daktari alinionya: ukilinywesha petroli umelinywesha sumu. Kwa hiyo nimesimama pale pale, macho kwenye mpira wa mafuta, kama mama anayemwangalia nesi akimchoma mwanawe sindano. Nilipofika nyumbani nikaandika DIZELI kwa rangi nyekundu ya kucha kwenye kifuniko. Mama akasema andika na asante.

Na mlima! Ule mlima wa nyuma ya soko, ambao gari la marehemu lilikuwa likiupanda huku linaomba dua. Leo buti limejaa viazi, Mama kiti cha mbele, mimi gia ya tatu, na Mkohozi kaupanda kama vile hakuna mlima. Hakulalamika. Alinguruma tu, chini chini, kwa kifua. Nikapiga kelele. Mama akapiga kelele. Mtu wa baiskeli akadhani tunamwita, akasimama.

Kliniki nimeegesha pembeni ya mti wenye maua. Kila mgonjwa alipoingia nilichungulia dirishani. Nesi akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia simngoji mtu, namtazama tu. Sasa wananiambia nina bwana. Waache.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kaja. Kaka mkubwa wa marehemu, mwalimu mkuu mstaafu, mpaka leo akisema "habari za jioni" unatamani kusimama na kujibu kwa pamoja. Mtu mwema. Lazima niliandike hilo mapema, maana baadaye nitasahau.

Alimaliza chai ya kwanza ndipo akasema. Ameshazungumza na mkewe. Chumba wamekipaka rangi. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja na pikapu ya rafiki yake amchukue Mama, na kitanda chake, na kabati lake. Mama akakae kwa mwanawe. Akaniambia nimebeba vya kutosha, mimi bado nina maisha yangu, si haki kunifunga na mama asiyenizaa.

Asiyenizaa. Alilisema kwa upole kabisa.

Nikamimina chai. Nikamimina tena. Ikafurika mpaka kwenye kisahani na bado namimina. Mama alikuwa anatazama ukuta, na lile sikio lake linalosikia vizuri kaligeuzia dirishani. Anapotaka huwa kiziwi.

Sikusema kitu. Kitu gani ningesema? Mwana anamtaka mamaye. Pengine na yeye anataka kwenda. Ana wajukuu huko, kuna kelele, kuna watu. Hapa kuna mimi na redio.

Jumamosi, 9 Machi

Tumezunguka mjini. Hatukuzungumza.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa! Asubuhi nakwenda kazini, taa mpya imewaka kwenye dashibodi. Ya rangi ya chungwa, mchoro wa kisanduku chenye vidoti ndani. Halafu Mkohozi akaishiwa nguvu. Nakanyaga, hataki. Nimepitwa na mzee mwenye mkokoteni – na akanisalimia!

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi, machozi karibu karibu. Fundi ni mtu mnene, anacheka kabla hujamaliza sentensi. Akachomeka kifaa chake, akasoma, akaniuliza huwa naliendesha wapi. Kazini, sokoni, nyumbani. Akauliza mbali kabisa nimefika wapi. Kwenye matofali, nikasema. Akacheka huku akifuta mikono.

Kumbe gari halina ugonjwa. Magari haya ya dizeli yana chujio linalokamata masizi ya moshi. Ukiliendesha mbali, kwa mwendo mmoja, chujio linapata joto kali na masizi yanaungua yenyewe. Ukilizungusha mjini tu, nenda simama, nenda simama, masizi yanajaa mpaka yanalikaba. Nikamuuliza dawa yake nini.

– Lipeleke safari, mama. Safari ya maana. Barabara kuu, mwendo wa kutosha, usisimamesimame, usilizimezime. Likikaa mjini litakufa kwa huzuni.

Nimerudi nacheka peke yangu. Mtu mwingine anaandikiwa vidonge, mimi nimeandikiwa safari!

Nimemweleza Mama wakati tunamenya viazi. Kisu kikasimama.

– Fundi kasema hivyo?

– Kasema hivyo.

– Hatuwezi kumpinga mtaalamu, akasema Mama, akaenda kutafuta koti lake la baridi.

Jumatano, 13 Machi

Koti la baridi lilikuwa na maana yake. Mama anataka kwenda kwa Mamdogo, mdogo wake wa mwisho, kule juu nyanda za baridi. Hawajaonana tangu msiba. Tutaondoka Ijumaa.

– Mama, Jumamosi Shemeji anakuja na pikapu.

– Tutakuwa tumesharudi.

Tunajua wote wawili kwamba hatutakuwa tumerudi. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Nimechemsha mayai kama ya jeshi zima.

Ijumaa, 15 Machi

Tumefika! Nimeendesha mimi! Njia nzima!

Nianze mwanzo. Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilimtumia Shemeji ujumbe. Nilitaka kuandika kwa heshima, nikaishia kuandika kwa mzaha, maana nilikuwa na kicheko kooni tangu nilipoamka: Tunampeleka Mkohozi kwa Mamdogo, ameshauriwa abadilishe hewa. Nikabonyeza. Nikazima simu. Ndiyo, niliizima, na moyo ukanidunda kama mwanafunzi mtoro.

Taa ya waya ikawaka, ikazima. Mkohozi akakohoa. Mwalimu wa muziki akatupigia zumari dirishani.

Barabara kuu ni kitu kingine. Sikujua. Nilipokuwa abiria nilikuwa naona miti na ng'ombe. Leo nimeiona barabara yenyewe – jinsi inavyojikunja, jinsi inavyokuambia mapema kama kuna kona, kama imelowa. Gia ya tano! Sijawahi kuishi katika gia ya tano. Kule mjini huwa naigusa na kuiacha kama kitu cha moto. Leo nimekaa humo asubuhi nzima. Kelele ile ya trekta ikaisha kabisa, ikawa mnong'ono mmoja mrefu, na mshale wa mafuta haushuki, jamani. Nilidhani umeharibika. Nikaugongagonga kwa kidole.

Mama anaimba. Anamenya mayai na kunilisha huku naendesha, chumvi inamwagika gauni zima. Kila lori tunalolikaribia analiambia: Haya, babu, sogea, tunatibiwa.

La kwanza nililopita lilikuwa la mbao. Nililifuata nyuma muda mrefu, nikinusa moshi wake. Nikachungulia: njia nyeupe, haina gari. Gia ya nne, nikakanyaga – na Mkohozi, ambaye taa yake ya chungwa bado inawaka, ambaye juzi kapitwa na mkokoteni – akavuta. Tukalipita. Dereva wa lori akapiga honi na mimi nikapiga honi na Mama akampungia yai.

Milima ilikuwa imeanza. Ndipo Mama akasema, bila kunitazama:

– Siku ile alipokuja mwanangu, ulimimina chai mpaka ikamwagika.

– Niliona, Mama.

– Hukusema neno.

– Nilidhani unataka kwenda kwake.

– Nami nilidhani unataka nyumba yako.

Ningesimama pembeni ili nimtazame vizuri. Lakini fundi alisema nisisimame! Ikabidi nilie huku naendesha, gia ya nne, mlimani, macho mbele. Mama akatoa leso, akanifuta upande mmoja, akanyoosha mkono kunifuta wa pili nikakaribia kuingia mtaroni.

– Basi mwambie hutaki kwenda, nikasema.

– Mimi? Nikimwambia mimi atasema ni uzee, kila mzee hukataa kuhama. Utamwambia wewe.

Mimi! Mimi ambaye nikipewa chenji pungufu nasema asante. Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu hivyo, na hapo, kwenye kona, na bonde lote liko chini yetu limejaa ukungu – taa ya chungwa ikazima.

– Imezima!

– Nini imezima?

– Taa! Mama, masizi yameungua!

Tulivyopiga kelele. Wachunga mbuzi wa bonde lile watahadithia habari zetu kwa miaka.

Mamdogo ni Mama yule yule, kasoro meno mawili. Wamekumbatiana mlangoni mpaka mbwa akaona wivu. Kuna baridi ya kuuma. Nimemfunika Mkohozi boneti kwa blanketi. Mamdogo kaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia sina uhakika, lakini nina raha.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika ndani ya gari. Mvua. Nitaeleza.

Kule kwa Mamdogo simu inashika mtandao karibu na tangi la maji tu. Mchana nilikwenda kuchota, nimeiwasha mfukoni, na ghafla ikaanza kulia kama kifaranga. Ujumbe juu ya ujumbe. Wote wa Shemeji.

Mkohozi ni nani?

Ni Mama? Anakohoa tangu lini?

Mbona hukuniambia siku ile?

Amelazwa? Pokea simu.

Nipo nyumbani kwenu, jirani anasema mmeondoka na mabegi. Nakuja huko.

Nilikaa chini kwenye majani mabichi. Nilicheka kwanza, sitadanganya. Halafu nikaona lile neno, pokea simu, nikaona mtu mzima anaendesha pikapu ya kuazima kupanda milima akidhani mamaye anakata roho. Kicheko kikanikauka. Nikampigia. Alipokea kabla haijaita.

– Yu hai?

– Yu hai, Shemeji! Mzima kabisa! Anakula ugali wa pili –

Mtandao ukakatika. Ukarudi. Nilichosikia ni kwamba pikapu imechemka, iko kwenye kona chini ya shamba la miti, moshi umejaa, na hajui kama amejinunulia kesi na rafiki yake.

Mama hakutaka kubaki. Akavaa koti, akaketi mahali pake. Tukashuka na Mkohozi kwa gia ya pili, mvua imeanza, wipa zinalia. Tukamkuta amesimama kando ya pikapu bila mwavuli, suti imemganda mwilini. Ndani ya pikapu kuna kamba na magodoro ya kufungia kabati. Hakutazama kamba. Alifungua mlango wa mbele, akamwekea Mama mkono kwenye paji la uso, halafu kifuani.

– Mama, kifua vipi?

– Kifua cha nani?

– Unakohoa.

– Nani kasema? Anayekohoa umemwegemea.

Akaitazama boneti. Akanitazama mimi. Niliona jambo linamwingia polepole, kama maji kwenye kitambaa. Nikajiandaa kufokewa. Mdomo ukamtetemeka – na huyu mtu, mwalimu mkuu, akaegemea paa la gari na kucheka huku mvua inamwingia shingoni, na sikuweza kujua kama vyote usoni ni mvua.

Sasa tumekaa tunangoja gari la kuvuta. Wamesema liko njiani. Shemeji nyuma, magoti karibu na masikio. Nimewasha joto, Mkohozi ananguruma papo hapo, vioo vimefanya ukungu. Mama kafumba macho na anakoroma kidogo.

Nilitoa daftari ili niwe na cha kufanya. Halafu Shemeji kaanza kuzungumza, kwa sauti ambayo si ya shuleni. Anasema njia nzima alikuwa anajiuliza nani alimwangalia Mama usiku wa kikohozi ambacho hakikuwepo, na jibu likawa lile lile: mimi. Anasema alidhani ananitua mzigo. Mkewe ndiye aliyemwuliza jana jioni: wewe umemwuliza shemeji yako, au umemtangazia?

– Siku ile ulimimina chai tu, anasema. Nikachukua kuwa umekubali. Sasa nakuuliza, Shemeji. Wewe mwenyewe unataka nini?

Mama hakoromi tena. Macho bado kafumba.

Nimemwambia anipe dakika moja. Ananitazama kwenye kioo, anaona naandika, anangoja. Nimetaka kwanza niione kwenye karatasi, nione kama inatoka: Nataka abaki na mimi. Si kwa sababu ya marehemu. Nataka abaki kwa sababu nyumba ni ya

Hapana. Inatosha hapa, mengine nayasema kwa mdomo. Nageuka –